Kipimo cha Kumsaka Mjerumani

Kila kijiwe cha Tukuyu kina Mjerumani wake. Ukikaa stendi utaambiwa alificha dhahabu chini ya boma. Ukiteremka Masoko utaambiwa aliitosa ziwani, sanduku baada ya sanduku, pamoja na bunduki zake. Ukifika Kaporogwe utaonyeshwa pango nyuma ya maporomoko ya maji na kuambiwa humo ndimo alimolala yeye na mali yake. Mjerumani huyu hana jina wala cheo, hana mke, na malaria haikumpata hata siku moja. Kazi yake ilikuwa ni kuchimba, kufukia, kuchonga alama kwenye jiwe, na kukimbia. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado anawanyima watu usingizi.

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu ya washikaji sita. Wamejichanga. Mmoja kauza ndizi za msimu mzima, mwingine kauza pikipiki iliyokuwa ikimlisha, na yupo ambaye sijui kauza nini, nami sikuuliza. Walinifuata na karatasi tatu zenye picha za mashine za kupimia vyuma ardhini. Mashine ya kwanza inadai kuona mita 5 kwenda chini, ya pili mita 10, na ya tatu, ambayo ndiyo bei mbaya kuliko zote, mita 30. Wakaniambia: “Kaka, wewe umesoma historia. Tununue kipimo gani?”

Mwenzangu unaweza kucheka kwamba mtu wa historia anaulizwa habari za mashine. Mimi sikucheka. Niliona wameuliza mlango ulio sahihi, hata kama wao wenyewe hawakujua. Kabla ya kuchagua kipimo lazima ujue unatafuta chuma gani, ukubwa wake kiasi gani, kimelala kina gani, na udongo ulioko juu yake ni wa namna gani. Hayo matatu ya kwanza ni maswali ya historia. La nne ni la Mlima Rungwe.

Tuanze na Mjerumani mwenyewe. Wamisionari walitangulia, Wamoraviani pale Rungwe mwaka 1891 na wale wa Berlin upande wa Manow na ziwani wakati huohuo. Serikali ikafuata mwaka 1893, Wissmann alipoleta meli yake Ziwa Nyasa na kituo kikaanzishwa ufukweni kwa jina la Langenburg. Baadaye makao yakapandishwa huku mlimani kwenye baridi, yakaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Ndiyo Tukuyu yetu. Mwaka 1898 ikaja kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba za shamba, na hapo ndipo fedha ya chuma ilipoingia kwa nguvu katika nyumba za Wanyakyusa. Mwaka 1904 chai ikajaribiwa Kyimbila. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ikatetemeka kwa tetemeko lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne ile. Ukitaka kujua kwa nini kuna kuta zilizozama na misingi isiyo na nyumba, usimwulize Mjerumani peke yake, liulize na lile tetemeko.

Vita vilipoanza mwaka 1914, kikosi cha 5 cha jeshi la Wajerumani kilikuwa huku, na kambi yake ilikuwa Masoko karibu na ziwa. Septemba 9 mwaka huohuo walipigana na Waingereza Karonga, wakarudi na majeruhi. Kisha pakawa na kusubiriana mpakani kwa muda mrefu, karibu miaka miwili. Mwishoni mwa Mei 1916 Jenerali Northey akavuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kwa safu kadhaa, na kabla mwezi haujaisha Neu-Langenburg ilikuwa mikononi mwake. Wajerumani hawakung'ang'ania mji. Walishika njia ya kwenda Njombe na Iringa.

Hapa ndipo washikaji waliponikatiza. “Si ndiyo hapo sasa! Walikimbia. Dhahabu wakaiacha.”

Dhahabu ipi? Hebu tuipige mahesabu, maana hesabu haina ushabiki. Fedha ya dhahabu ya Wajerumani wa Afrika Mashariki inayojulikana ni ile ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Ilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, na mwaka ulioandikwa juu yake ni 1916. Zilitengenezwa kama 16,200 hivi. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu. Zidisha. Zote kwa pamoja, kila sarafu ya tembo iliyopata kutengenezwa, hazifiki kilo 120. Mpagazi wa wakati ule alibebeshwa kilo 25 hadi 30. Maana yake dhahabu yote ya Tabora ingebebwa na wapagazi watano, na mmoja wao angekuwa na nafasi ya kuongezea chungu chake cha kupikia. Yako wapi sasa yale malori na mapipa tunayosimuliwa?

Kisha tazama tarehe. Tabora walianza kuzipiga mwaka 1916, na Tukuyu ikaanguka mwezi wa 5 mwaka huohuo. Kati ya miji hii miwili kuna mamia ya kilomita, wakati ule kwa miguu. Sarafu ya tembo ingewahije kufika huku, kugawiwa, kurundikwa, kutiwa sandukuni na kufukiwa chini ya boma, yote hayo kabla Northey hajabisha hodi? Nawaachieni wenyewe.

La tatu ndilo zito zaidi. Kwa nini walipiga fedha Tabora? Kwa sababu hawakuwa nayo. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, fedha haikuja kutoka Ujerumani, na watu waliokuwa wakiuza mtama na kuku hawakutaka karatasi. Ndipo zikapigwa heller 20 za shaba nyeupe na nyekundu, hata maganda ya mizinga yakayeyushwa. Karatasi nazo zikachapishwa ovyo, na kufikia 1917 noti nyingine zilikuwa zikigongwa kwa mihuri ya mpira. Serikali inayoyeyusha maganda ya mizinga ili ipate senti za kulipia kuku haiwezi wakati huohuo kuwa inafukia masanduku ya fedha kila kilima. Na ile fedha iliyokuwa nyingi kweli, fedha ya karatasi, hakuna kipimo duniani kitakachoisikia chini ya ardhi. Mchwa ndio waliozihesabu.

Kusema hivyo si kusema Wajerumani hawakuficha kitu. Walificha, tena kwa ustadi. Mfano mzuri uko Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha meli yao Graf von Götzen wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mitambo yake grisi nene, maana walitarajia kurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Huyo ndiye Mjerumani anayeficha: anajua kitu gani, kiko wapi, na anakifunga kama mtu anayeondoka kwa safari fupi.

Sasa fuatilia mantiki hiyo hadi Rungwe. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, nao walirudi kwa wingi nyanda hizi za kusini. Wamisionari walirudi misheni zao, walowezi wakafungua mashamba. Walikuwa hapa hadi Septemba 1939, vita vya pili vilipoanza wakakusanywa na kufungwa, na mashamba yao yakachukuliwa kama mali ya adui. Kati ya 1925 na 1939 ni miaka 14. Mtu aliyefukia sanduku mwaka 1916 alikuwa na miaka 14 ya kurudi, kunywa chai yake barazani, na kulifukua usiku mmoja bila hata kuhitaji ramani. Kama kuna sanduku la Mzungu ambalo bado limelala, mimi ningeweka dau langu kwenye lile la 1939 kuliko la 1916, kwa sababu mwenye nalo aliondolewa ghafla na wengi hawakurudi. Na ndani yake ungekuta nini? Vijiko vya fedha, bunduki ya kuwindia, vifaa vya kutengenezea gari, hati za shamba. Ni sanduku la mkulima.

Wapo wanaomtaja von Lettow-Vorbeck, kwamba alipita na hazina. Kweli alipita jirani. Alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba 1918, akakata kuelekea Njombe, kule Ubena akawaacha wagonjwa na majeruhi asioweza kuwabeba, kisha akaendelea magharibi hadi Fife, akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Lakini jeshi lile lilikuwa linatafuta mahindi na dawa. Mtu anayewaacha majeruhi wake njiani kwa kukosa wabebaji anabebaje masanduku ya dhahabu?

Na tukigusa wabebaji, nina neno moja. Hadithi ya hazina ina Mjerumani, ina sanduku, wakati mwingine ina na nyoka anayelinda. Haina wapagazi, labda wale wanaouawa mwishoni ili siri isitoke. Lakini vita vile, kwa pande zote mbili, vilipigwa migongoni mwa watu. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Waingereza peke yake ni kama wapagazi 95,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Huku kwetu vilima vilevile tunavyovichimba kutafuta rupia viliwaona wakipita na mizigo ya kilo 25 vichwani. Hakuna anayeuliza wao wamefukiwa wapi.

Basi, nani hasa alificha fedha Rungwe? Jibu langu liliwaudhi kidogo pale kijiweni. Nilisema: bibi zenu.

Fikiria. Kodi ni rupia 3, na mwenye nyumba asipokuwa nazo anakamatwa. Benki hakuna. Nyumba ni ya mianzi na nyasi, moto ukiruka kila kitu kinakwenda. Mtu mwenye akili anafanya nini na rupia zake? Anazitia katika chungu cha Wakisi, vile vyungu vinavyoshushwa kwa mitumbwi mpaka leo pale Matema, na kukifukia karibu na mafiga au pembeni mwa migomba. Pamoja na rupia zinaingia heller za shaba, kubwa na ndogo, nyingine zenye tundu katikati. Neno hela unalolitamka kila siku, ndugu yangu, ukilia kwamba huna, ndiyo hiyo heller. Jina likabaki midomoni, sarafu yenyewe ikabaki ardhini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakaleta shilingi, na fedha ya Mjerumani ikapoteza nguvu. Aliyekuwa na chungu aidha alikuwa amekufa kwa vita, kwa njaa au kwa ile homa ya mafua ya 1918, au hakuona sababu ya kukifukua tena.

Kuna na hazina nyingine ambayo vijana wakiikuta wataitupa: majembe. Chuma cha Wanyakyusa kilitoka kwa wahunzi wa Kikinga milimani, na jembe lilikuwa mali, lililipia mahari kabla rupia haijajua njia ya kuja huku.

Kwa hiyo sasa tunaweza kurudi kwenye mashine, maana tunajua tunasaka nini. Kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni chungu cha sarafu, kilicholala kina cha magoti. La pili, kama lipo, ni sanduku la chuma au la mbao lenye vyuma, kina cha mita 1 hadi 2. Kwa nini si zaidi? Kwa sababu shimo lilichimbwa kwa jembe na sepetu, usiku, na watu wenye haraka. Anayekwambia sanduku liko mita 12 akueleze kwanza ule udongo wa mita 12 ulimwagwa wapi bila jirani kuuona asubuhi.

Na uzito? Rupia moja ya fedha ni gramu 11.66. Rupia 2,000 ni kilo 23, mzigo wa mtu mmoja, na zingeenea katika kasha ambalo ungelipakata. Kwa lugha ya mashine hicho ni kitu cha wastani tu.

Kipimo cha kawaida, kile cha mkononi chenye sahani ndogo ya duara chini, ambacho ndugu zetu wachimbaji wa Chunya wanakijua sana, kinatuma sumaku ardhini na kusikiliza chuma kinachojibu. Sarafu moja utaisikia kwenye shubiri moja, ukibahatika moja na nusu. Chungu kizima utakisikia mbali zaidi. Lakini ujue kanuni hii, ni katili: kitu kikiwa kimelala mbali kuliko upana wa ile sahani, ukizidisha kina mara mbili sauti inayorudi haipungui nusu, inapungua karibu mara 64. Ndiyo maana kuongeza betri hakusaidii, na ndiyo maana mwenye kutafuta kitu kikubwa kilicho chini sana huongeza upana wa sahani.

Hapo ndipo zinapokuja mashine za masanduku mawili. Ni mti wa urefu wa mita moja na zaidi, mbele sanduku linalotuma, nyuma sanduku linalopokea, unatembea nao umeushika katikati kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Aliyeupatia hakimiliki, miaka ya 1930 kule Kalifornia, ni mhandisi Gerhard Fischer, mzaliwa wa Ujerumani. (Kwa hiyo hata kipimo cha kumsaka Mjerumani kina Mjerumani ndani yake.) Uzuri wake ni kwamba hakisikii misumari, vizibo vya soda wala senti moja moja. Kiko kiziwi kwa vitu vidogo, kinasikia vikubwa tu, hadi mita 1 au 2 na zaidi kidogo kama kitu ni kikubwa kweli. Ubaya wake ni uleule: chungu chenye sarafu 40 kitakipita kama hakipo. Tena hakikwambii kama kilicholia ni sanduku la fedha au bati la choo cha shule lililofukiwa mwaka 1974.

Aina ya tatu ni mashine ya mapigo. Hii haitumi sumaku mfululizo. Inapiga pigo fupi, inanyamaza, inasikiliza namna chuma kinavyofifia, inapiga tena, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiifunga koili kubwa, fremu ya mita 1 kwa mita 1 inayobebwa na watu wawili kama machela, inashuka chini kuliko ile ya mkononi na haibabaiki sana na madini ya udongo. Inachosha, ni ya polepole, na kila chuma kikubwa kinailiza. Lakini kwa Rungwe, kama ningelazimishwa kuchagua moja kwa ajili ya sanduku, ningechagua hii.

Sababu ni lile swali la nne. Udongo wetu ni wa volkano. Rungwe yenyewe, Ngozi, Kiejo ambayo ilimwaga lava yake ya mwisho kama miaka 200 tu iliyopita, vyote vimetunyunyizia majivu na mawe yenye chembe za chuma chenye sumaku. Ziwa Masoko ni shimo la mlipuko wa volkano, kina chake karibu mita 38. Wanasayansi wa Kifaransa walipokuja katika miaka ya 1990 kuchukua tope la chini ya ziwa lile, mojawapo ya vitu walivyosoma ndani yake ilikuwa ni sumaku ya hizo chembe, ili wajue mvua na ukame wa maelfu ya miaka. Tope lenyewe lina sumaku! Mtu anayepita ufukweni na kipimo cha bei rahisi, kikapiga kelele, anaruka akidhani kakanyaga bunduki za kikosi cha 5, kumbe mlima unamsalimia.

Kwa hiyo zile mashine zinazopima sumaku tu ziacheni. Kwanza hazisikii dhahabu wala fedha wala shaba, zinasikia chuma cha pua na jamii yake. Pili kwa mawe yetu kila jiwe jeusi litawaita. Na ile mashine ya kupiga mawimbi ya rada ardhini, inayochora picha, ni nzuri kwenye mchanga mkavu. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na udongo umeshiba maji. Mawimbi yanamezwa kabla hayajafika mbali.

Ile ya mita 30 nimeiacha makusudi mpaka sasa. Nilipoiangalia vizuri kwenye karatasi niliona ina mpini na antena mbili zinazozunguka, haina koili, na maelezo yanasema “inavuta dhahabu kutoka umbali wa mita 800”. Nikawasimulia habari ya ADE 651. Mwingereza mmoja, James McCormick, alikuwa akiuza kifaa chenye antena namna hiyohiyo, akidai kinatambua mabomu, kikanunuliwa kwa mamilioni ya dola, na askari wa Iraq wakakitumia kwenye vizuizi vya barabarani huku watu wakiendelea kufa. Ndani hakikuwa na kitu kinachofanya kazi. Asili yake ni mchezo wa kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Kifaa kilichodanganya jeshi zima hakitashindwa kudanganya watu sita wa Tukuyu.

Kimya kikapita. Aliyeuza pikipiki akasema, “Lakini kaka, yule jamaa alitufanyia majaribio. Aliweka pete chini ya kofia, antena ikageuka.”

“Alikuwa anajua pete iko wapi?”

“Ndiyo, si aliiweka mwenyewe.”

Nikawapa jaribio la sufuria, na hili msomaji unaweza kulichukua bure. Mfukie mwenye mashine sufuria kubwa ya aluminiamu shambani kwako, mita moja kwenda chini, na pembeni uchimbe mashimo mengine manne uyafukie matupu. Yeye asiwepo. Wala anayejua shimo lenye sufuria asiwepo wakati wa kupima, maana macho ya mtu yanasema. Acha mvua inyeshe wiki moja, majani yafunike. Kisha aje atafute. Akiipata mara tatu kwa mahali patatu tofauti, zungumzeni bei. Akisema mizimu imekataa, mpe nauli.

Yapo na mambo ya kuchimba kwenyewe, nitayapita haraka ingawa si madogo. Shimo la mita 3 katika majivu ya volkano yaliyolowa, bila miti ya kushikilia kuta, linafunga mdomo kwa sekunde. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na ikarekebishwa 1979, na kuchimba mahali pa kihistoria bila kibali ni kosa hata kama shamba ni la mjomba wako. Na la Kinyakyusa zaidi: wazee wetu walizikwa nyumbani, kando ya nyumba zao. Tena vijiji vilihama. Vijana walijenga chao, wakazeeka nacho, kama Godfrey na Monica Wilson walivyoandika baada ya kuishi huku miaka ya 1930. Kwa hiyo kila mahali palipo na dalili za makazi ya zamani, palipo na mafiga na migomba iliyojiotea, pana uwezekano wa chungu na pana uwezekano wa kaburi, na kipimo hakitofautishi. Bangili ya shaba mkononi mwa marehemu inalia sawasawa na heller.

Mwisho wake hawakununua. Walikodi mashine ya mapigo kwa siku mbili kutoka kwa mchimbaji, na kwa kuwa yenye fremu kubwa haikupatikana walichukua yenye sahani ya upana wa nusu mita. Ilipita jaribio la sufuria mara mbili kati ya tatu, wakaridhika. Bomani hawakwenda, Masoko hawakwenda. Tulikwenda kwenye kiunga cha bibi wa mmoja wao, mahali alipoolewa zamani kabla ya kuhamia barabarani, naye bibi mwenyewe akaketi kwenye kigoda chini ya mgomba akituangalia.

“Shikamoo bibi. Tunaomba ruhusa tupime.”

“Marahaba wajukuu zangu. Pimeni. Ila pale penye mwale mwekundu msiguse, amelala mama mkwe.”

Siku ya kwanza tulipata bati, mnyororo wa baiskeli, na mawe matatu yenye kiburi. Siku ya pili, saa 5 asubuhi, mahali bibi alipoonyesha kuwa palikuwa na jiko la mama mkwe, mashine ikalia sauti ndefu. Tukachimba kwa mikono. Kufikia kwenye kiwiko tukakuta vigae vya chungu, na kati ya vigae heller 11 za shaba, moja ikisomeka wazi mwaka 1913, na rupia 2 za fedha zimekuwa nyeusi kama mkaa. Chini yake jembe la Kikinga, limeliwa na kutu nusu nzima.

Rupia 2. Kodi ilikuwa 3. Mmoja wa washikaji alihesabu mara mbili, akapekua udongo tena kwa vidole, akachekecha mpaka mikono ikatoka wekundu. Ya tatu haikuwepo.

Bibi akaomba aletewe zile sarafu, akazifuta kwa upindo wa kitenge, moja baada ya moja. Kisha akamrudishia mjukuu wake. Jembe akalishika, akaliweka mapajani, akasema hilo litabaki. Tulipomuuliza kama amewahi kusikia mama mkwe wake akitaja fedha aliyoificha, alisema hapana, alichokuwa akitaja ni mume aliyepelekwa kubeba mizigo ya Wazungu upande wa Njombe, na kwamba jembe lake aliliweka mahali pazuri ili akirudi alikute.